Nyumba Hupambwa kwa Ajili ya Nani?

Katika sebule nyingi za Kisumu, Kakamega na Nakuru, vitu vizuri zaidi ni vile ambavyo wenye nyumba hawavitumii. Bilauri zilizopangwa kwenye kabati la vioo humsubiri mgeni, makochi hufunikwa vitambaa vyeupe ambavyo watoto huonywa wasiviguse, na seti ya vikombe iliyonunuliwa wakati wa harusi hutolewa siku mchungaji au wakwe wanapofika. Chumba cha kulala, ambamo mwenye nyumba hupitisha takriban theluthi moja ya maisha yake, kina balbu inayoning'inia, waya wa kutundikia nguo na ukuta mtupu. Mpangilio huo ni jibu tosha kwa anayeuliza tunapamba nyumba kwa ajili ya nani: tumeipamba kwa ajili ya macho ya anayekuja na kuondoka. Katika makala haya ninatetea jibu jingine, kwamba sababu zilizo imara zaidi za kupamba nyumba ni za yule anayeamka ndani yake kila siku, na kwamba hazipaswi kungoja mpaka mtu awe na nyumba iliyo mali yake.

Simdharau mgeni. Katika maeneo ya Nyanza na Magharibi kumpokea mtu ni wajibu, na mwenyeji ambaye hana kiti cha kumkaribisha jirani huona aibu ya kweli. Wajibu huo umezaa mambo mema. Wanawake wengi wamo katika vyama vya vyombo, ambapo wanachama hutembeleana kwa zamu, na siku ya zamu ya mtu wenzake humfikia wakiwa wamebeba sufuria, seti ya sahani, shuka au mito ya makochi. Vyama hivyo vimezijaza nyumba ambazo kipato cha wenyewe kisingezijaza kwa miaka mingi. Hata hivyo, chama huja na jicho lake. Wiki moja kabla ya zamu, mapazia hubadilishwa, ukuta wa sebuleni hupakwa rangi mpya, na mara nyingine fedha za shughuli hiyo huwa za mkopo, huku chumba cha ndani kikibaki kama kilivyokuwa kwa kuwa hakuna atakayeingia humo.

Hata hapo, mpaka kati ya sababu za mgeni na sababu za mwenyeji si ukuta ulionyooka. Chukua kitambaa cha kochi, ambacho vijana wengi wa mjini siku hizi hukiona kuwa alama ya ushamba. Mwanamke hukifuma kwa uzi mweupe na sindano yenye ndoano, akiwa kwenye foleni ya kliniki, ndani ya matatu, au kivulini alasiri wakati maharagwe yanachemka. Huanzia katikati, duara moja likizunguka jingine, akihesabu vifundo kwa midomo bila kutoa sauti, mpaka kingo zikajikunja kama mawimbi. Kikishakamilika hukifua, hukitia wanga na kukipiga pasi ili mawimbi yale yasimame wima. Vipande vya mgongo wa kochi, vya mikononi na vya mezani vinaweza kumchukua miezi mingi. Mgeni atakayevitazama kwa dakika mbili hawezi kuwa sababu pekee ya kazi kubwa kiasi hicho. Muda ule ulikuwa wa mfumaji, umbo alilichagua yeye, na kila asubuhi anapovinyoosha anaiona kazi ya mikono yake ikiwa imekamilika, jambo ambalo kazi nyingine za nyumbani hazimpi, kwa sababu sahani zilizooshwa asubuhi zitachafuka mchana na sakafu iliyofagiliwa itafagiliwa tena.

Wanaoshuku mapambo wana hoja ya zamani yenye uzito. Mwaka 1899, mwanauchumi wa Marekani Thorstein Veblen alieleza kwamba watu hununua vitu vingi si kwa ajili ya kuvitumia bali ili matumizi yao yaonekane na wengine na kuwapatia heshima. Mtu akipita leo katika nyumba mpya za kupanga pembezoni mwa Kisumu ataona mengi yanayomuunga mkono Veblen: dari za jipsamu zenye taa za rangi mbalimbali, na televisheni pana kuliko umbali uliopo kati yake na kochi, vyote vikiwa vimepangwa ili vipendeze kwenye picha ya simu. Nakubali kwamba maelezo hayo yanatosha kwa baadhi ya nyumba. Ninachokataa ni kuyafanya maelezo ya nyumba zote, kwa sababu hayawezi kueleza kitu kilichowekwa mahali ambapo hakuna mwingine atakayekiona.

Kuhusu vitu vya namna hiyo, kazi iliyonisaidia ni ya Mihaly Csikszentmihalyi na Eugene Rochberg-Halton, iliyochapishwa mwaka 1981. Walihoji watu 315 kutoka familia 82 za Chicago wakiwaomba wataje vitu vya nyumbani wanavyovithamini na waeleze sababu. Samani zilitajwa sana, pamoja na kazi za sanaa na picha, lakini uzito wa utafiti wao uko katika sababu zenyewe. Bei na uzuri havikutawala majibu. Watu walizungumza zaidi juu ya kumbukumbu, ndugu, wazazi waliokufa, safari na vipindi vya maisha vilivyopita. Umri nao ulileta tofauti: vijana walielekea kutaja vyombo wanavyovifanyia jambo, kama redio na vyombo vya muziki, na wazee wakataja vitu vya kutazamwa na kukumbusha, picha zikiwa mbele. Chicago si Kisumu, na mbinu ile haijui lolote kuhusu chumba kimoja cha mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu, kinacholaliwa na watu watano. Hata hivyo, swali lao linafaa kuulizwa huku, na kwetu kuna siku ambayo hulijibu bila mtafiti.

Siku hiyo ni ya kuhama. Mwishoni mwa mwezi, barabara za Manyatta, Migosi na Kondele hujaa mikokoteni na pikapu zilizobeba magodoro, mitungi ya gesi na meza zilizopinduliwa miguu juu. Vitu vya thamani ya fedha hufungwa kamba na kupakiwa na vijana wa mkokoteni. Kuna vichache, hata hivyo, ambavyo mwenyewe hakubali vipakiwe. Nimemwona mama mmoja akiketi mbele, pembeni ya dereva, na picha yenye fremu magotini, akiwa ameigeuza uso wake umwelekee yeye, wakati televisheni ilikuwa nyuma ikigongana na ndoo. Kijana aliyekuwa akipakia alimwambia, "Mama, hiyo leta tuifunge hapa juu, haitavunjika." Akamjibu kwa upole, "Hii nitaibeba mwenyewe, mwanangu." Hakuna aliyeendelea kumuuliza. Katika nyumba mpya, picha ya namna hiyo ndiyo hupata msumari wa kwanza, kabla ya mapazia kutundikwa.

Katika sehemu zetu picha nyingi kubwa zenye fremu zina historia inayojulikana na kila mtu. Ni ile iliyochapishwa kwa ajili ya mazishi, ikatangulizwa mbele ya jeneza, ikasimama mezani wakati wa ibada, na hatimaye ikapelekwa ukutani. Anayezijua nyumba za Waluo anajua pia kinachotokea sebuleni katika siku hizo. Makochi hutolewa nje, meza huondolewa, mapazia hufungwa pembeni, na jeneza huwekwa katikati ya chumba ambacho juzi watoto walikuwa wakifanyia kazi za shule. Baada ya mazishi, chumba hicho hicho kinapaswa kukalika tena. Wapo wanaorudisha kila kochi mahali pake palepale, na wapo wanaogeuza chumba chote, kiti cha marehemu kikasogezwa dirishani na pazia la zamani likabadilishwa, kwa kuwa hawawezi kuketi wakitazama nafasi ile ikiwa kama ilivyokuwa. Ukimuuliza mjane kwa nini amenunua mapazia mapya miezi miwili baada ya msiba, huenda akakwambia ya kale yalichakaa. Mwache aseme hivyo. Kazi anayoifanya ni kubwa kuliko mapazia, na jirani anayemnong'onea kwamba ameanza anasa mapema hajaelewa anachokiona.

Kikwazo kikubwa cha sababu za mwenyeji, kwa maoni yangu, si umaskini bali ni wazo kwamba nyumba ya mjini ni kituo cha kupitia. Wazo hilo lina mizizi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na miji ya reli kama Nakuru ilipokua, makazi ya wafanyakazi Waafrika yalijengwa kwa dhana kwamba mfanyakazi ni mwanamume aliyeacha mke na watoto mashambani, atakayefanya kazi kwa muda na kurudi kwao. Alihitaji mahali pa kulaza mwili, si mahali pa kuishi. Vyumba vilikuwa vidogo, vilifanana, na vilikuwa mali ya mwajiri au ya manispaa. Mtu aliyelelewa katika chumba kama hicho alijifunza kwamba ukuta si wake, na akawarithisha watoto wake tabia ya kuishi mjini huku masanduku yakiwa yamefungwa nusu.

Desturi iliikuta dhana hiyo na kuitia nguvu. Wengi wanakumbuka kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong, huku ukoo wa Umira Kager ukitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mojawapo ya hoja zilizosikika mahakamani ni kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi, lakini kwao kwenyewe ni kule walikozikwa baba zake. Ukoo ulishinda katika Mahakama ya Rufani, na akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Sitaki kuifufua kesi hiyo, na ninaheshimu uzito wa boma la asili, ambalo hata mimi nalihesabu kuwa kwetu. Ninachotaka kusema ni kwamba hoja juu ya mahali pa kuzikwa imegeuzwa kimyakimya kuwa hoja juu ya mahali pa kuishi. Mtu hukaa Kisumu au Nakuru miaka ishirini na mitano, hulea watoto humo, huugua na kupona humo, na bado hugoma kupachika msumari kwa kuwa "kwetu ni Alego" au "kwetu ni Butere". Kule kwao, wakati huohuo, kuna nyumba nzuri ya matofali aliyoijenga, iliyofungwa kufuli, anayolala ndani yake wakati wa Krismasi na wa matanga. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, zaidi ya robo tatu ya kaya za mijini nchini Kenya zinaishi katika nyumba ambazo si zao. Ikiwa kupamba kunangoja umiliki, basi idadi kubwa ya watu wa miji yetu watazeeka mbele ya kuta tupu.

Jambo linalonishangaza ni kwamba hoja ya "nitahama" haikutoka kwa bibi zetu. Wao walikuwa na elimu nyingine, na inafaa itazamwe kwa karibu. Katika vijiji vingi vya Kakamega, Vihiga na Bungoma, mwezi wa Desemba ulikuwa, na katika baadhi ya maboma bado ni, mwezi wa kusiliba nyumba. Wanawake na wasichana hushuka mtoni au kwenye machimbo kuchota udongo wa rangi mbalimbali, mweupe, mwekundu, wa kijivu, wakijua ni ukingo upi wenye udongo laini usio na changarawe. Udongo huchanganywa na kinyesi kibichi cha ng'ombe, na mara nyingine majivu, ukakandwa mpaka ukashika. Ukuta hulowanishwa kwanza, kisha mkono hupita juu yake kwa nusu duara, kiganja kikisukuma na vidole vikiacha mistari, kila mpito ukigusa ule uliotangulia. Sehemu ya chini hupakwa rangi nzito inayohimili matone ya mvua, na ya juu rangi nyepesi, huku mstari wa kutenganisha ukinyooshwa kwa jicho tu. Kuna aliyechora maua, kuna aliyechora pembetatu, kuna aliyeandika mwaka unaokuja, na kila mpita njia alijua ukuta huu ni wa mikono ya nani.

Mvua ya masika, ya Machi hadi Mei, iliuharibu ukuta huo. Kila mmoja wao alijua hivyo alipokuwa akiuchora. Kupita kwa kitu hakukuwa sababu ya kutokifanya, na hata nyumba yenyewe, ya fito na udongo, haikutarajiwa kudumu kama kasri. Kwa hiyo anayesema kwamba kupamba chumba cha kupanga ni kupoteza kazi kwa kuwa mkataba unaweza kwisha anapaswa kueleza kwa nini miezi michache ya ukuta mzuri ilimtosha bibi yake, na kwa nini yeye, ambaye huenda akakaa katika chumba chake miaka sita, haimtoshi. Mapambo hayakuletwa kwetu na majarida wala na simu. Tulikuwa nayo, na yalifanywa na watu wenye fedha kidogo kuliko sisi.

Kuna sababu nyingine ambayo mpangaji wa mjini anaijua vizuri kuliko mtu yeyote: mambo mengi ya maisha yake huamuliwa na wengine. Maji ya mfereji hukatika bila taarifa, tokeni za stima huisha, kodi hupandishwa kwa ujumbe mfupi, na jirani wa upande wa pili wa ukuta mwembamba ndiye anayeamua muziki utakaosikika usiku. Katika hali hiyo, kuamua kwamba ukuta wa kichwani utakuwa wa rangi ya bahari, au kwamba pazia litakalotenganisha kitanda na jiko litakuwa lenye maua makubwa na si shuka kuukuu, ni uamuzi mdogo, lakini hauhitaji kibali cha mtu. Juni 2021, serikali ilipoweka kafyu ya kuanzia saa moja jioni katika kaunti 13 za ukanda wa ziwa, Kisumu, Siaya na Kakamega zikiwemo, watu wengi walijikuta kwa saa nyingi ndani ya vyumba walivyozoea kuvitumia kwa kulala tu. Kwa mama aliyekuwa na watoto watatu katika chumba cha futi kumi kwa kumi, pazia la kugawa chumba halikuwa urembo. Liliwapa watoto upande wa kusomea na likampa yeye mahali pa kubadilisha nguo bila kuwaomba wageuke.

Naongeza kwamba mwenyeji akiwa ndiye kipimo, hata uchaguzi wa vitu hubadilika. Mitindo ya sebule zetu huigwa kutoka kwa picha zilizopigwa mahali penye hali nyingine ya hewa. Kisumu iko takriban mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, na chumba chenye paa la mabati lisilo na dari huwaka kuanzia saa tano mchana. Zulia la manyoya na mapazia mazito ya tabaka mbili humo ni mateso, nayo mapazia huzuia upepo wa ziwa, ambao ndio zawadi pekee ya alasiri. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850, ina asubuhi za baridi, na huko pazia zito na zulia vina kazi ya kweli, ingawa vumbi la miezi ya kiangazi humlazimu mtu kuvikung'uta kila mara. Kwa chumba cha Kisumu, mkeka wa mbao, yaani ule wa plastiki wenye michoro ya mbao unaouzwa kwa mita, ni chaguo la busara: hufunika saruji iliyopasuka, hupigwa deki kwa dakika tano, na siku ya kuhama hukunjwa na kubebwa. Mapazia mepesi ya mitumba ya soko la Kibuye hupitisha mwanga na upepo kwa bei ambayo fundi wa mapazia hawezi kuifikia.

Vitu vya kwetu vinastahili kutajwa pia, kwa sababu tunaviuza kwa watalii kuliko tunavyoviweka ndani. Kina mama na vijana wa Dunga, ufukweni mwa Kisumu, hufuma mikeka na vikapu kwa mafunjo yanayoota kwenye tindiga iliyo hapohapo. Magugu maji, ambayo yamewasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990, hukaushwa na kusukwa kuwa viti na vifuniko vya taa. Kule Tabaka, Kisii, jiwe la sabuni huchongwa likiwa limelowa maji, likasuguliwa kwa msasa mpaka rangi zake za waridi na kijivu zikajitokeza. Kikapu cha mafunjo kilichotundikwa ukutani hakigharimu kama picha ya plastiki ya maporomoko ya maji ya nchi za mbali, na kina faida ya kwamba mwenye nyumba ameiona tindiga kilikotoka.

Wanaume hupenda kusema kwamba mambo haya hayawahusu. Siamini. Ingia katika simba, yaani nyumba ya kijana ambaye hajaoa, kule Gem, au chumba cha bawabu wa mtaa wa Langa Langa, Nakuru, utaona kalenda ya Gor Mahia au bendera ya AFC Leopards mahali pa juu kabisa, cheti cha udereva kilichowekwa plastiki, na redio iliyofutwa vumbi kuliko kitu kingine chochote humo. Hayo ni mapambo, na yanasema mambo yaleyale ambayo fremu ya mama inayasema: mimi ni wa watu gani, nimefika wapi, nini hunifurahisha. Mwanasaikolojia Sam Gosling na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba wageni waliotazama tu vyumba vya kulala vya watu wasiowajua waliweza kukadiria vizuri baadhi ya tabia zao. Aliyedai hana mapambo naye alikuwa amejieleza.

Kuhusu gharama, tofauti kati ya sababu za mgeni na za mwenyeji ni kubwa. Mapambo ya kumridhisha mtazamaji hayana mwisho, kwa kuwa mtazamaji wa kesho ametoka kuona sebule nyingine iliyo nzuri zaidi. Ndiyo maana maduka ya lipa mdogo mdogo hustawi, na ndiyo maana familia huendelea kulipia kochi ambalo tayari limepasuka. Mapambo ya mwenyeji yana kikomo cha asili. Aliyetaka kuamka akiona mwanga akishapata pazia jepesi na ukuta mweupe, ametosheka. Aliyetaka picha ya mamake iwe mahali anapoweza kuiona akiwa kitandani anahitaji msumari mmoja.

Msumari huo, hata hivyo, umekatazwa katika ploti nyingi, na hapa wenye nyumba wana jambo la kufanya. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inagusa nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho vyumba vingi vya Kisumu na Nakuru vimekipita. Kwa hiyo suala la ukuta hubaki katika makubaliano ya pande mbili, na kwa kawaida upande mmoja ndio huandika. Masharti husema mpangaji asigonge misumari, asibadilishe rangi, na akiondoka apake upya, huku deposti yake ikishikiliwa kuwa dhamana. Ninaelewa hofu ya mwenye nyumba, kwa sababu wapo wapangaji waliotoboa kuta zikawa kama chujio. Lakini hofu hiyo inaweza kushughulikiwa kwa njia iliyo wazi. Kuta zipigwe picha siku ya kuingia mbele ya keateka, yaani mwangalizi wa ploti, mkataba utaje idadi ya misumari na ukuta mmoja ambao mpangaji anaruhusiwa kuupaka rangi anayoitaka, na gharama ya kuurejesha ikubaliwe mapema kwa maandishi. Kopo la lita 4 la rangi ya maji linatosha kuupaka ukuta mmoja wa chumba cha futi kumi kwa kumi mara mbili na kubaki, pamoja na nusu siku ya fundi na kiganja cha plasta cha kuzibia matundu. Mwenye nyumba anayekata deposti ya mwezi mzima kwa kazi hiyo anapaswa kuonyesha risiti, na mpangaji ana haki ya kuidai kabla hajakabidhi funguo.